Mwalimu Aliyeuliza Udongo kwa Tone la Maji

Ukimkaribisha Mwalimu nyumbani kwako, ulipaswa kuvumilia jambo moja. Kabla hajakaa, kabla hata hajapokea chai, alitoa mfukoni dropa ya glasi iliyofungwa kwa kitambaa, akadondosha tone moja la maji ukutani au sakafuni kwako, akainama, akaanza kuhesabu kwa kunong'ona. Moja, mbili, tatu. Ungemsalimia asingeitika. Tone likishanywewa alinyoosha mgongo, akataja idadi yake, ndipo akakumbuka kwamba nyumba ina wenyewe.

"Kumi na saba," alisema siku ya kwanza kuingia kwangu. "Habari ya asubuhi, Mama Neema."

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Noonkopir, Kitengela: misumari, mabati, simiti, chokaa. Tulijuana kwa chokaa. Alikuja akitaka nusu kilo, wiki iliyofuata nusu kilo tena. Sasa niambie, nani anajenga kwa nusu kilo ya chokaa? Nilidhani ni mzee mpweke anayetafuta mtu wa kuongea naye, nami kwa ulimi wangu huu nikamwambia aende akajiunge na kwaya. Wiki ya tatu alirudi na malalamiko. Chokaa ya Jumanne haikuwa sawa na ile ya kwanza. Nikamfokea. Akafungua gazeti na kunionyesha vidonge viwili vya udongo mweusi uliokaushwa, bapa, vya ukubwa wa mandazi yaliyokanyagwa, ambavyo yeye aliviita chapati. Akadondosha tone juu ya kila kimoja. Kimoja kilikunywa maji upesi na kubaki imara, punje zake zikaonekana. Kingine kilivimba na kuwa tope.

"Wa kwanza umepikwa na chokaa nzuri," alisema. "Huu wa pili, chokaa ilikuwa imelala. Uliacha gunia wazi, ikapigwa na unyevu."

Nilikwenda stoo kuangalia. Gunia lilikuwa wazi. Tangu siku hiyo nafunga magunia yangu, na tangu siku hiyo tukawa marafiki, ingawa hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kuliita jambo hilo urafiki.

Tangu ahamie kwa binti yake huko magharibi, watu hawaishi kuniuliza habari zake dukani. Sitaanza na alikozaliwa, kwa sababu hata mimi sijui vizuri, na alipoulizwa alijibu, "Nilizaliwa ndani, mvua ilikuwa nje," akaendelea na mambo yake. Kazi yake naijua. Alifundisha kemia miaka mingi huko Loitokitok, kwanza Rombo, kisha Illasit, na alipostaafu alinunua ploti Kitengela kama sisi wengine wote, bila kuuliza udongo wake ni wa aina gani. Hilo alikiri mwenyewe, na kulikiri kulimuuma. Mtu aliyefundisha kemia maisha yake yote akajenga juu ya udongo mweusi kwa msingi wa futi mbili.

Nyumba yake ilipasuka mwaka wa kwanza. Nyufa zilianza kwenye kona za madirisha, zikapanda. Wewe na mimi tungeita fundi. Mwalimu alichukua penseli na kuandika tarehe kando ya kila ufa, na kila mvua ilipokuja aliweka alama mpya. Kiangazi ufa ulifunguka, masika ukajifunga. Sebule yake ilikuwa na maandishi ukutani hadi usawa wa dari. Mchungaji alipokwenda kumtembelea aliuliza kama ni mistari ya Biblia.

"Ni shahada yangu ya pili," Mwalimu alimjibu.

Juu ya tangi lake la maji kulikuwa na sinia kubwa la bati, na kwenye sinia ndiko chapati zake zilikoanikwa, safu kwa safu, kila moja imekwaruzwa herufi kwa msumari. Udongo ulikuwa ule ule, alichimba nyuma ya choo. Kilichobadilika ni ulicholishwa. Aliulisha chokaa. Aliulisha chumvi. Aliulisha magadi, yale ya kupikia maharagwe, na akaniita nione jinsi ulivyolainika na kuteleza kama mrenda. Tone lilitandaa pale juu likakaa, maana udongo ulikuwa umeziba kabisa. "Huu ni wa kujengea silanga," alisema, yaani bwawa la kunyweshea mifugo. "Ukijengea nyumba umekwisha." Aliulisha sabuni ya kufulia, siki, mafuta ya kupikia yaliyochoka, majivu, hata supu ya mifupa aliyoletewa alipokuwa na mafua. Kwa nini supu? Kwa sababu ilikuwapo, alisema.

Mimi niliona ni mchezo wa mtu aliyekosa wajukuu karibu. Siku moja nikamwambia hivyo waziwazi. Hakukasirika. Alichukua kipande cha udongo mkavu akakishika kati yetu.

"Huyu rafiki yetu ana mikono mingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na kila mkono unataka maji. Ndiyo maana anavimba, ndiyo maana anapasua nyumba zetu. Mimi natafuta kitu kimoja tu, Mama Neema. Kitu rahisi, cha kununua hapa hapa, ambacho kitashika hiyo mikono yote ndio asitake maji tena. Sio kwa hii nyumba yangu, hii imeshaenda. Kwa mtu anayejenga na udongo kwa sababu hana uwezo wa mawe."

Akanitazama kana kwamba mimi ni mwanafunzi aliyeketi nyuma. Nikakipokea kile kipande, nikakigeuza mkononi.

Lakini usidhani alikuwa malaika. Mtu huyu aliyepima chokaa kwa gramu hakuweza kupika ugali. Ulitoka uji au ulitoka tofali, na akalila tofali bila haya. Alihimiza watoto wa mtaa wetu wawahi shule, na yeye kanisani aliingia wakati wa sadaka. Sukari aliificha. Ukienda kwake alikupimia kijiko kimoja, akafunga kopo mbele ya macho yako, ila ukimwambia mtoto wako amefukuzwa shuleni kwa kukosa sare, ungekuta sare hiyo dukani kwa fundi cherehani, imelipiwa na mtu asiyejulikana. Na ng'ombe! Aliishi kati ya wafugaji tangu ujana wake, alifundisha watoto waliochunga ng'ombe kabla ya kujua kusoma, na ng'ombe mmoja akipita barabarani Mwalimu alivuka upande wa pili na kujifanya anasoma bango.

Ndiyo maana nilishangaa alipoanza kwenda kwa Yeiyo.

Yeiyo ni neno la Kimaasai, maana yake mama, nami namwita hivyo kwa kuwa kila mtu humwita hivyo. Ni mjane, anaishi nje ya mji ukielekea Isinya, kwenye kipande cha ardhi kilichobaki baada ya ardhi nyingine yote ya ukoo kugawanywa na kuuzwa, na wakati huo alikuwa na wajukuu watatu chini ya paa lake. Alikuja dukani kwangu kununua misumari ya mabati, akamkuta Mwalimu kwenye benchi. Mwalimu akasimama, akamsalimia kwa Kimaasai.

"Takwenya, Yeiyo."

"Iko," akaitika. Kisha akamwangalia vizuri. "Nani amekufundisha?"

"Wanafunzi wangu, Rombo. Walinifundisha mengi kuliko niliyowafundisha."

Mwalimu alikwenda naye siku hiyo hiyo kuangalia nyumba. Nyumba yake ya zamani ilikuwa ya kawaida ya Kimaasai, ya fito na plasta ya mavi ya ng'ombe. Mwalimu akatoa dropa. Yeiyo baadaye alinisimulia akicheka hadi machozi, mzee mzima ameinama mbele ya nyumba yake akihesabu. Alihesabu hadi mia mbili na tone likawa bado limesimama, akaacha kwa sababu chai ilikuwa inapoa.

"Yeiyo, umeweka nini hapa?"

"Mavi ya ng'ombe na majivu. Wewe ulisoma nini?"

Tangu siku hiyo Mwalimu alikuwa mwanafunzi kila Alhamisi. Alikwenda na daftari, akakaa nje ya boma upande ambao ng'ombe hawakupita, akauliza mavi ya siku ngapi, majivu ya mti gani, mikono mingapi kwa debe. Yeiyo alimjibu na kumcheka, na alipomcheka, Mwalimu aling'aa. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Alirudi dukani kwangu na matope hadi magotini akiniambia kwamba akina mama wa Kimaasai walikuwa wanafanya kemia kabla ya neno hilo kufika nchi hii.

Shida ya Yeiyo ilikuwa moja. Ng'ombe walikuwa wamekwisha, ukame ulimwachia wawili na mbuzi kadhaa, na mavi ya mbuzi hayafanyi ile kazi. Asingeweza tena kupaka nyumba kila msimu. Nyumba ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa, akaanza kujenga nyingine ya pembe nne, ya matofali mabichi ya udongo mweusi uliochanganywa na nyasi na murram, changarawe ile nyekundu ya barabarani. Mabati alikuwa nayo, aliletewa na mwanawe. Kuta zake mvua ya Aprili ingezilamba.

Mwalimu akarudi kwenye sinia lake kwa bidii ya mtu mwenye mtihani. Na dawa akaipata mahali ambapo hakuna mwanamume angetazama: saluni. Kondishona ya nywele, ile ya bei rahisi inayouzwa kwa mtungi wa lita tano. Dada mwenye saluni alimtania mtaa mzima ukasikia, kwa kuwa kichwani kwa Mwalimu hakukuwa na unywele hata wa dawa.

"Nywele na udongo ni ndugu," alinieleza, "zote zinashikwa na kitu kimoja. Hii kitu iko na kichwa na mkia. Kichwa kinashika mkono wa udongo. Mkia unabaki nje, na mkia haupendi maji."

Akadondosha tone juu ya chapati mpya. Tone likasimama, la duara, likitetemeka. Alipoinamisha chapati, tone likabingirika hadi ukingoni likaanguka chini, na pale lilipopita pakabaki pakavu. Tulitazamana. Nikajikuta nimemshika mkono.

Kipimo kilikuwa kifuniko kimoja cha mtungi kwa karai moja la udongo wa plasta. Alikirudia mara nyingi, akaniandikia hata kwenye karatasi. Kwa mikono yake akapaka ukuta wa mashariki wa nyumba ya Yeiyo, ule unaopigwa na mvua kwanza, na Yeiyo akalainisha kwa kiganja jinsi wanavyolainisha. Mvua ndogo ikaja. Maji yakateremka ukutani kama yanavyoteremka kwenye sufuria. Majirani sita wa Yeiyo, wanawake wanaojenga kwa udongo kama yeye, walikuja kuona, kila mmoja akataka kwake pia.

Kisha Mwalimu akalazwa kwa operesheni ya macho, na daktari akamkataza vumbi na kuinama kwa wiki mbili. Mawingu yalikuwa yanakusanyika. Nikasema mimi nitakwenda.

Sasa nieleze jinsi nilivyo, si kwa kujitetea. Mimi ni mtu wa nyongeza. Ukinunua kilo ya misumari kwangu nakutupia minne mitano juu. Mama yangu aliuza mahindi sokoni na alinifundisha kwamba mkono usioongeza haurudiwi na mteja, na kwamba kipimo kamili ni kipimo cha mtu mchoyo. Nilipofika pale nikawakuta wale wanawake sita wamekwisha kukanda udongo kwa miguu, wanaimba, Yeiyo amenichemshia chai ya maziwa, wajukuu wamevaa sare za shule, nikaona huruma. Nikaweka kifuniko kimoja kwenye karai. Nikaongeza cha pili. Cha tatu nikaweka cha baraka. Hivyo kila karai, kuta mbili nzima. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha ya mtu aliyetenda wema.

Mvua kubwa ilikuja wiki iliyofuata. Ukuta wa mashariki ulisimama. Kuta zangu mbili zilikunywa. Plasta ilivimba, ikachubuka vipande vipande, matofali nyuma yake yakalainika, na siku ya tatu, adhuhuri, wajukuu wakiwa shuleni, ukuta wa kaskazini ukainama ukaanguka juu ya kitanda walicholalia watatu wote.

Mwalimu alikuja na miwani myeusi ya hospitali. Aliinama, ingawa alikatazwa, akachukua kipande cha plasta akakinusa. Kilinukia saluni. Akanigeukia. Sikuona macho yake nyuma ya ile miwani, lakini nilijua kwamba amejua.

Wale wanawake sita walikuwa wamesimama kwenye mvua, khanga vichwani. Yeiyo alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameshika godoro lililolowa. Mmoja wao, mrefu, akasema kile wote walichokuwa wanafikiria.

"Mwalimu, dawa yako imetudanganya."

"Ni mimi," Mwalimu akasema. Alisema upesi, kabla sijafungua mdomo, kama nilikuwa nimekusudia kuufungua. "Nilikosea kipimo. Nilimwambia huyu mama vifuniko vitatu. Pole, Yeiyo. Kosa ni langu."

Nami nikanyamaza. Niliogopa. Wale sita wote ni wateja wangu, na kila mmoja ana dada na shemeji wanaojenga. Maneno haya nayaandika sasa na bado yananichoma.

Tulirudi kwa miguu, tope limeshika viatu vyetu hadi vikawa vizito kama mawe. Nikaanza kulia. Akaniambia ninyamaze, kisha akanieleza kwa sauti ile ile ya darasani kilichotokea, kwa kuwa asingeweza kuacha jambo bila kulieleza. Kifuniko kimoja kinatosha mikono yote ya udongo, na mikia yote inabaki nje. Ukizidisha, inakuja safu ya pili imegeuka: mikia inashikana na mikia, na vichwa vinabaki nje tena. Na vichwa vinapenda maji.

"Kwa hiyo nimeurudisha ulikokuwa?"

"Umeurudisha, na ukaulainisha zaidi. Dawa ni kipimo, Mama Neema."

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Wewe uko na duka. Mimi niko na pensheni." Akatembea kidogo. "Jina la mwalimu mstaafu likianguka, hakuna mtoto analala njaa."

Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Ikapita. Ukichelewa kusema jambo, kila siku linazidi kuwa zito, mpaka unaanza kuzunguka njia ili usilikute. Nilipeleka mabati na mbao kwa Yeiyo nikisema ni mchango wa duka, na shukrani zake zikanifanya nijione mdogo. Miaka miwili ikapita hivyo. Mwalimu hakwenda tena upande wa Isinya. Yeiyo alipokuja dukani na kumkuta kwenye benchi, alimsalimia kwa adabu, akanunua chake akaondoka. Hakumcheka tena. Wale wanawake wakatunga jina, Mzee wa Vifuniko Vitatu, na jina likafika sokoni. Nilimsikia kijana mmoja wa bodaboda akimwita hivyo. Mwalimu akainua mkono kumsalimia.

Mwanzoni mwa mwaka huu nilimpelekea mboga. Alikuwa amekonda. Nilimkuta kwenye ngazi ya tangi, ameshikilia sinia. Chapati zilikuwa mpya. Alikuwa amechanganya konzi moja tu ya mavi ya ng'ombe na nusu ya kifuniko, na tone lilisimama muda mrefu kuliko yote aliyowahi kupima, na plasta haikupasuka jua likiiwakia. Alinionyesha kwa furaha yake ile ya zamani.

"Ng'ombe wawili wanatosha nyumba nzima," alisema. "Unaona? Wawili tu."

"Umempimia nani?"

Alifunika sinia kwa kitambaa polepole.

"Nani? Hakuna mwenye ameniuliza."

Sikunywa chai yake. Kesho yake, Jumamosi, nilikwenda kwa Yeiyo nikiwa sijalala wala kula, nikamwambia yote, kifuniko kwa kifuniko. Alikuwa anakamua mbuzi. Aliendelea kukamua hadi nikamaliza, kisha akaweka kibuyu chini.

"Yeye alisema mbele ya watu," alisema. "Watu sita. Wewe unaniambia mimi peke yangu, hapa kwa mbuzi?"

"Nisamehe, Yeiyo."

"Hiyo baadaye. Enda lete yeye. Mimi naita wale."

Nilimdanganya Mwalimu kwamba Yeiyo anamwita kwa chai. Alivaa koti. Tulipofika na kuona wale wanawake sita wameketi kivulini kando ya nyumba, alisimama langoni akataka kurudi. Nilimshika mkono, na mkono ulikuwa mwepesi sana. Wakampa kiti. Mimi sikupewa.

Nilisimama pale pale ukuta ulipoanguka nikasema. Nilisema niliambiwa kimoja nikaweka vitatu. Nilisema Mwalimu hakuwahi kukosea. Nilisema nilimsikia akibeba kosa langu na nikamwacha alibebe miaka miwili kwa sababu ya duka.

"Mama Neema, acha," Mwalimu alisema. "Imetosha. Haya mambo ni ya zamani."

"Wacha amalize," Yeiyo akasema.

Nilimaliza. Yule mrefu aliinuka, akachota maji kwenye ndoo kwa kikombe, akaenda upande wa mashariki, kwenye ukuta ambao Mwalimu alipaka kwa mikono yake, akayamwaga ukutani kwa nguvu. Sote tulitazama. Maji yaliteremka matone matone hadi chini, na ukuta ukabaki mkavu.

Yeiyo akamgeukia Mwalimu. Sauti yake ilikuwa kali.

"Na wewe. Wewe pia umenidanganya. Umenifanya mimi nikasirikie mtu bure miaka mbili. Ulifikiri mimi siwezi kusamehe mama wa duka?"

Mwalimu aliinamisha kichwa kama mtoto wa shule.

"Pole, Yeiyo. Hapo nilikosea kweli."

"Ulikosea," Yeiyo akasema, akaenda akasimama karibu na kiti chake, akaweka kiganja chake juu ya upara wa yule mzee, akaacha hapo.

Yule mrefu alikuwa bado ameshika kikombe. Alikitazama, akamtazama Mwalimu.

"Nyumba yangu bado inakunywa maji," alisema. "Kwangu utakuja lini?"

Mwalimu akafungua mdomo. Machozi yakamtoka kabla ya neno. Wale wanawake wakangoja. Nikajibu mimi.

"Jumatatu," nikasema. "Saa mbili asubuhi. Nitafunga duka."